Pikipiki zilizofutwa na bima huku Uingereza: nimenunua tatu, nimeuza mbili, ulizeni

mtoto_wa_makorora (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila wiki naletewa PM ileile: "kaka, nimeona PCX (skuta ya Honda) bei chee, wameandika Cat N, nichukue nisichukue?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naandika hapa mara moja, mwingine akiuliza namtumia linki.

Nipo Coventry, mwaka wa sita huu. Mchana natembeza vyakula kwa pikipiki, usiku shifti ya ghala ikipatikana nabeba boksi kama kawaida yetu. Ufundi sikusomea. Nimekulia nyuma ya gereji ya mjomba Tanga, basi.

Kwa wageni wa mambo: huku mtu mwenye bima kubwa akianguka, kampuni inapiga hesabu. Kutengeneza ni kiasi gani, pikipiki yenyewe ina thamani gani. Wakiona kutengeneza hakuwalipi, wanamlipa mwenyewe pesa yake na wanaichukua pikipiki. Hapo ndiyo imefutwa. Inapigwa alama, inaingia kwenye rejista ya pamoja ya makampuni ya bima, na alama hiyo haitoki hata uitengeneze ing'ae kuliko ilivyotoka kiwandani.

Alama zipo nne tangu Oktoba 2017, kila moja inaitwa "Cat" (category, yaani kundi) na herufi yake. A, inasagwa yote, hata skrubu isitoke. B, fremu inasagwa ila spea zinaruhusiwa kuuzwa. S, imeumia fremu lakini inatengenezeka. N, fremu haikuguswa. Zile za kabla ya hapo utakuta C na D. Mtu akikuletea A au B inatembea barabarani, usimuulize hata bei, ondoka.

Sasa wengi wanapopotea ni kwenye N. Mtu anasikia "fremu haikuguswa" anatafsiri "imekwaruzwa tu". Sivyo. N inaweza kuwa na breki zilizoharibika, usukani uliopinda, waya zilizoungua. Na kuna N ambazo kweli ni mikwaruzo mitupu. Herufi ni moja, mashine ni mbili tofauti kabisa. Ile herufi ni hesabu ya kampuni, haikuambii pikipiki inaumwa nini.

Mfano. Oktoba, majani yameanguka, mvua imenyesha. Jamaa anakata kona kwenye mzunguko kwa spidi ya baiskeli, skuta inalala ubavu, inateleza mita tatu. Yeye anainuka anapangusa suruali. Skuta imekwaruzika kava la mbele, kava la ubavu, la chini ya miguu, kioo kimoja, leva ya breki, mfuniko wa ekzosi. Fundi wa mtaani angekwambia leva na kioo, mengine piga msasa uendelee na kazi. Kampuni inahesabu kila plastiki mpya ya kiwandani, saa za fundi wa dukani, VAT asilimia 20 juu yake, gharama ya kuihifadhi, na pengine pikipiki ya kumwazima mteja muda huo. Wakimaliza, plastiki sita zimekula zaidi ya nusu ya thamani ya chombo. Futa. Hiyo ndiyo N unayoitafuta.

Sasa N ya pili, nayo ni yangu mwenyewe.

Pikipiki yangu ya kwanza huku niliinunua kwa mtu binafsi, mji wa jirani, pauni 1,500. V5C (karatasi ya usajili, kadi ya huku) ipo mkononi mwake, safi, jina lake. Nikamuuliza imewahi kuanguka? Akacheka, "ukiiona hivi imeanguka?" Nikalipa. Ilikuwa inavuta kushoto kidogo, nikasema tairi. Nikabadili tairi, bado. Nikazoea, mtu anazoea hata kiatu kinachobana.

Mwaka uliofuata nataka kuiuza. Akaja kijana na baba yake. Wameipenda, wameiwasha, kijana ameshapanda juu. Yule mzee akatoa simu, akaandika namba ya pikipiki, akalipia ukaguzi wa historia yake mtandaoni, hapohapo kwenye kizingiti changu. Akaisoma skrini. Kisha akanigeuzia niisome mwenyewe: Cat N, tarehe miezi minne kabla sijainunua. Hakunitukana. Alimwambia mwanawe "shuka", wakaondoka. Nimebaki nimeshika ufunguo, jirani anachungulia dirishani, mimi ndiye tapeli.

Nilikuwa sijui kwamba V5C inaonyesha S, lakini N haionyeshi. Karatasi safi kabisa na pikipiki imefutwa, vyote ni kweli kwa pamoja.

Ule uvutaji wa kushoto? Nilivua kava la mbele jioni ileile. Shokapu mbili za mbele zilikuwa zimejipinda kwenye vibano vyake, moja imetangulia nyingine, ukichungulia kwa pembeni unaona kabisa hazilingani. Mwaka mzima nimepita nayo barabara kuu, nyuma nimebeba biriani za watu.

Naendelea chini kwenye ukaguzi, ngoja nile.

---

Mzee wa Ngamiani

Mkuu uzi mzuri. Ila wewe mjomba wako ana gereji halafu unauziwa mbuzi kwenye gunia? 😂

---

mtoto_wa_makorora

Mzee wangu, shikamoo. Acha tu. Mjomba nilipomsimulia alikaa kimya kwenye simu mpaka nikadhani salio limeisha.

Haya, ukaguzi. Nitasema ninavyofanya mimi, anayejua zaidi aongeze.

Kabla sijatoka nyumbani natumia namba ya pikipiki tu. Historia ya MOT (ukaguzi wa lazima wa kila mwaka) ni bure kwenye tovuti ya serikali, inatoa kilomita (maili, huku) za kila mwaka na yale waliyoyaandika wakaguzi. Kumbuka pikipiki mpya haina MOT mpaka itimize miaka mitatu, kwa hiyo ya 2023 hutakuta kitu kabla ya 2026. Tovuti ya DVLA (mamlaka ya usajili wa vyombo) nayo bure, na kule kuna kitu watu hawakiangalii: tarehe ambayo V5C ya mwisho ilitolewa. Mtu anakwambia "ninayo miaka mitatu" na karatasi imetolewa miezi miwili iliyopita, muulize. Huenda alihama nyumba, huenda hana majibu. Mwisho nalipia ule ukaguzi kamili wa historia, kama wa yule mzee, unaoonyesha kufutwa, wizi, na deni la mkopo. Niliukwepa mara moja kwa kubana pauni kumi na kitu, mmeona.

Na lile swali la "imewahi kufutwa na bima?" liulize kwa maandishi, kwenye meseji. Mtu binafsi halazimiki kukusimulia kila kitu, lakini akiulizwa akajibu uongo, huo ni udanganyifu mbele ya sheria, unaweza kumpeleka mahakama ya madai madogo. Mimi niliuliza kwa mdomo, akanijibu kwa kicheko. Kicheko hakipelekwi mahakamani. Duka ni habari nyingine, muuzaji wa biashara hapaswi kukuficha jambo kama hilo, na kwa sheria ya haki za mteja ya 2015 una siku 30 za kurudisha chombo chenye kasoro.

Ukifika, usianze na injini. Kila mtu anaanza na injini kwa sababu inaunguruma. Anza na shingo ya usukani.

Isimamishe kwenye stendi ya kati, mwenzio akalie nyuma tairi la mbele liinuke. Geuza usukani taratibu kutoka kushoto mpaka kulia kwa kidole kimoja. Ukifika katikati ukasikia "tk", kama umepita kwenye kitundu, beringi za usukani zimepigwa. Zikipigwa bila umri mkubwa, jua tairi la mbele limegonga kitu. Kisha geuza mpaka mwisho, tochi mkononi, tazama kile kinundu cha chuma kinachozuia usukani usizidi kugeuka. Hiki ndicho shahidi namba moja. Pikipiki ikipigwa mbele, usukani unazunguka kwa nguvu na kukigonga. Kikiwa kimebonyea, au kimepakwa rangi mpya wakati jirani yake ana kutu, hapo fremu imeonja. Kuna pikipiki zimepewa S kwa kinundu hicho tu, kwa sababu hakiuzwi peke yake, kimo kwenye fremu.

Halafu kamba. Kamba ya kawaida, hata ya viatu ndefu. Izungushe nyuma ya tairi la nyuma, ivute mbele pande zote mbili mpaka kwenye tairi la mbele, usukani umenyooka. Nafasi ya kushoto na ya kulia zilingane. Zisipolingana, kuna kitu kimepinda, na kazi ya kukitafuta si yako, ni ya muuzaji.

Mengine haraka: namba ya fremu ilingane na V5C herufi kwa herufi. Leva, ncha za usukani, ekzosi, angalia kama upande mmoja ni mpya na wa pili umezeeka. Taa ya ABS (mfumo wa kuzuia tairi lisijifunge ukikanyaga breki) lazima iwake ukifungua swichi na izime ukianza kutembea. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu kaizima makusudi. Rangi iliyopasuka karibu na maunganisho ya shingo, kwaheri.

---

Wakesho254

Salamu kutoka Nakuru. Huku kwetu shida ni tofauti kidogo. Bodaboda wengi wako na ile bima ya mtu wa tatu pekee, so pikipiki ikianguka hakuna kampuni inakuja kuifuta. Inapelekwa kwa jua kali, fremu inachomelewa, inapakwa rangi, kesho iko soko. Hakuna Cat N, hakuna Cat S, iko tu "clean, one owner". Nyinyi angalau mna mahali pa kuangalia.

---

dada_wa_Reading

Samahani kaka, mimi yangu ndiyo imefutwa wiki iliyopita. Mtu alinigonga nyuma kwenye taa, bima wamesema Cat N. Wameniambia naweza kubaki nayo. Nimechanganyikiwa, wananipa pesa AU wananipa pikipiki?

---

mtoto_wa_makorora

Pole sana dada, na wewe mwenyewe huna maumivu? Ya shingo huja baadaye, usiyapuuze.

Vyote viwili, ila wanakata. Tuseme wanaithamini 2,000. Ukibaki nayo watatoa ile bei ambayo wao wangeiuza kama chakavu, tuseme 400, na kama unadai kwenye bima yako mwenyewe watatoa pia ile sehemu yako ya kuchangia (excess), tuseme 350. Unabaki na 1,250 na pikipiki yako. Kama ni taa ya nyuma na kava, chukua, umepata pesa na chombo unakijua. Kama rimu ya nyuma imepinda au mkono wa nyuma umesogea, waachie.

Kabla hujakubali hiyo 2,000, tafuta matangazo matatu manne ya pikipiki kama yako, mwaka uleule, maili zilezile, uwatumie. Ofa ya kwanza huwa ya kukupima. Na kwa kuwa aliyekugonga ndiye mwenye kosa, ile sehemu yako inaweza kudaiwa kwake, waulize.

Ikiwa N unabaki na V5C yako. Ingekuwa S, ungeirudisha kwa kampuni na kuomba nyingine kwa fomu V62, bila malipo.

---

Fundi Kombo Luton

Nimekuwa nasoma kimya. Mimi ni fundi, natengeneza hizi. Mleta uzi umeeleza vizuri lakini unawatisha watu na S. Kuna S nzuri kuliko N nyingi. S ya kinundu kimebonyea, nikaweka fremu nyingine ya halali, nikapima, ina tatizo gani? Wakati huohuo N iliyolazwa kwenye maji wiki nzima itakusumbua umeme mpaka uichukie.

---

mtoto_wa_makorora

Fundi, hapo sibishi kuhusu chuma. Nabisha kuhusu soko. S iko kwenye V5C, mteja anaiona kabla hajaiona pikipiki. Na kwa sisi wa kutembeza vyakula, bima yenyewe ya biashara ni ghali na makampuni ni machache, baadhi yakisikia S yanafunga simu. Unatengeneza vizuri halafu unabaki nayo uani. Mwenye kujipandia mwenyewe, tena anamjua fundi aliyeitengeneza, achukue.

---

Fundi Kombo Luton

Sawa hapo nimekuelewa. Niongeze moja kwa wanaoamini MOT. Mkaguzi wa MOT havui kava. Anaangalia breki, taa, tairi, usukani, vinavyoonekana. Na baada ya kutengeneza S au N hakuna ukaguzi wa lazima unaothibitisha kwamba umetengeneza vizuri. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "ina MOT mpya ya miezi kumi na miwili", mwambie asante, sasa tuonyeshe picha za ilivyokuwa kabla.

---

mtoto_wa_makorora

PICHA. Asante fundi, nilisahau kabisa na ndiyo kubwa kuliko yote.

Wanaonunua mnadani wana picha za siku ya kwanza, maana minada yenyewe ni ya mtandaoni. Mtu aliyetengeneza kwa nia njema anazo na anaona fahari kuzionyesha. Asiyekuwa nazo, ama amenunua kwa mwingine, ama hataki uzione.

Pikipiki yangu ya pili niliichukua mnadani, naweka hesabu yote hapa kwa sababu watu wanaona bei ya mnada wanapagawa. PCX ya 2021, Cat N, iliibwa ikapatikana. Wezi walikuwa wamevunja loki ya usukani, wamechokonoa swichi, wamevunja kava la mbele. Bei ya mnada 900. Ada za mnada na VAT yake 230. Kuisafirisha 70, maana hairuhusiwi kuendeshwa. Seti ya swichi na funguo, kava, leva, kioo, 260, nyingine mpya nyingine za kutoka kwenye pikipiki zilizochinjwa. MOT 30 kasoro senti. Jumla 1,490. Wikiendi mbili zangu sikuzihesabu, na ukucha mmoja.

Kama hiyo isiyo na alama wakati ule ilikuwa 2,400. Mimi niliitangaza 1,900, mstari wa kwanza kabisa wa tangazo nikaandika Cat N, sababu, na picha nane: nne za ilivyofika, nne za sasa. Simu zilikuwa chache kuliko kawaida, lakini kila aliyepiga alikuwa mnunuzi. Wa tatu aliichukua kwa 1,850. Faida 360. Si utajiri. Ila hakuna aliyenigeuzia simu kizingitini.

Ya tatu ndiyo ninayoipanda sasa hivi.

---

Mzee wa Ngamiani

Swali la kizee. Hizi zilizofutwa haziwezi kuja Tanga kwa kontena? Vijana wangepata kazi.

---

mtoto_wa_makorora

Mzee, nimeshalipigia hesabu hilo usiku mwingi. Skuta ya plastiki kwenye barabara ya Pongwe kwa mzigo wa viroba viwili? Boxer spea yake ipo hata duka la chumvi na kiberiti. PCX ikivunjika kava kijijini itafungwa waya mpaka ife. Usafiri na ushuru uongeze wewe. Tuache.

---

dada_wa_Reading

Kaka nimewatumia matangazo manne kama ulivyosema. Wamepanda kutoka 1,900 mpaka 2,150 😭 Nimebaki nayo. Ahsante sana.

---

mtoto_wa_makorora

Hongera dada. Kabla hujaitia barabarani ile kamba usiisahau. Na kampuni unayokata bima mpya ikiuliza kama imewahi kufutwa, sema ndiyo. Ukificha, siku ya kudai watatafuta pa kutokea.

---

Juma_Leicester

Mkuu mimi ndiye niliyekutumia PM ile ya PCX juzi, 1,600, Cat N. Nimemuuliza muuzaji kwa meseji kama ulivyosema. Kajibu hivi: "ilikuwa ni kava tu bro". Picha za kabla hana, anasema simu iliibwa. Nakwenda kuiona Jumamosi.

---

mtoto_wa_makorora

Simu imeibwa lakini picha za tangazo zimepigwa na simu gani?

Jumamosi nina nafasi mpaka saa nane mchana, Leicester si mbali. Usimpe hata senti ya kushikilia. Nitumie namba ya pikipiki leo niiangalie, na uje na tochi. Kamba ninayo.